Kero za Kutwa na Raha Ndogo: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi zilizoifikia safu hii mwezi huu zilihusu jambo moja: marafiki tuliowapata mtandaoni, ambao baadhi yao hatujawahi kushikana nao mkono, na mazungumzo tunayofanya nao kila siku juu ya vitu vidogo vinavyotufurahisha na vinavyotuudhi. Nimechagua chache. Majina ya waandishi nimeyaacha kwa ombi lao, na pale barua ilipokuwa ndefu nimeifupisha bila kuigusa hoja yake.

Swali. Mhariri, salaam. Mimi ni mama wa nyumbani, ninaishi Morogoro. Niko katika kundi la WhatsApp la wanawake saba tuliofahamiana kupitia ukurasa wa mapishi. Mmoja yuko Bukoba, wawili wako Mombasa, mmoja Muscat, na wawili Dar es Salaam. Kila jioni, watoto wakishakula, kila mmoja wetu huandika kitu kimoja kilichompendeza siku hiyo na kimoja kilichomkera. Hatuzungumzi siasa wala hatuuziani kitu. Mume wangu hana neno, lakini dada yangu mkubwa amenikalia kooni kwamba huu ni upuuzi, na kwamba watu wazima hawakai wakaelezana habari za mkaa wenye unyevu na utamu wa maembe. Je, ana haki?

Jibu. Dada yangu, kwa heshima zote kwa dada yako mkubwa, hapana. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu watu huyasema mazungumzo ya namna hii kana kwamba yameletwa na simu.

Vibaraza vya mawe vilivyojengwa kuambatana na kuta za nyumba katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa ya kale vilikuwa, na vingi bado ni, mahali pa kukaa baada ya alasiri na kikombe kidogo cha kahawa chungu. Anayepita Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, jioni atasikia siasa, ni kweli, lakini akikaa kitako atasikia zaidi habari za bei ya samaki, joto la kaskazi, na fulani aliyepita bila kusalimia. Waliokuwa mbali walitafuta njia nyingine. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi na barua ambamo watu wa miji tofauti, wasiojuana kwa sura, walijibizana toleo baada ya toleo. Zikaja kadi za salamu za redio: msikilizaji hununua kadi, huijaza majina ya anaowasalimu pamoja na ujumbe wake, kisha hukaa karibu na redio akisubiri mtangazaji aisome. Kenya na Tanzania wasikilizaji waliojuana kwa majina tu waliunda vyama vya salamu. Kundi lenu, kwa hiyo, lina ukoo mrefu.

Ukoo peke yake hautoshi kukifanya kitu kuwa chema, kwani umbea nao ni wa kale. Hoja yangu kubwa ni nyingine. Habari kubwa za mtu, kama ndoa, msiba au kazi mpya, hutangazwa kwa wote, na kila mmoja anajua namna ya kuzijibu: hongera, pole, Mungu amrehemu. Hazihitaji urafiki. Vitu vidogo ndivyo vinavyoonyesha jinsi mtu anavyoishi. Chukua mwenzenu wa Muscat. Katika miezi ya Juni na Julai, matangi ya maji yaliyo juu ya mapaa ya huko hupata joto kiasi kwamba bomba la maji baridi hutoa maji ya moto, na wakazi wengi huzima hita, huyaacha maji yaliyomo ndani yake yapoe, kisha huoga kwa kufungua bomba lenye alama nyekundu. Akiwalalamikia jambo hilo mara moja, nyinyi sita mtakuwa mmelijua jambo la maisha yake ambalo picha za misikiti mizuri na barabara pana hazitawaonyesha kamwe. Julai inayofuata atakapoandika tu kwamba amerudi kwenye bomba jekundu, hatahitaji kueleza zaidi. Vivyo hivyo wa Bukoba anapoandika mwezi Novemba kwamba senene wameanguka, na kwamba amekesha akinyonyoa mabawa na miguu hadi vidole vikang'aa mafuta, nadhani Mombasa kuna anayesoma kwa jicho moja. Hilo nalo ni sehemu ya raha yenu.

Sharti langu ni moja tu: kero iwe na sura. Ukiandika kwamba leo siku ilikuwa mbaya, wenzako hawana pa kushika, na watakutumia kikaragosi cha uso wa huzuni kisha waendelee na mambo yao. Ukiandika kwamba konda amekurudishia noti ya elfu moja iliyoungwa kwa selotepu, ukaiweka juu ya nyanya ukitumaini muuzaji hataigeuza, naye akaigeuza, basi wote saba mtakuwa mbele ya meza ile ya nyanya. Sharti hilo hilo ni la furaha. Embe tamu ni habari ndogo. Embe la dodo ulilolila umesimama juu ya sinki ili maji yake yasikuchafulie nguo, hiyo ni jioni yako nzima.

Kuhusu dada yako, huenda kinachomuuma ni saa mnayotumia, hata kama anaitaja mada. Angalia kama jioni hizo huwa umeinamia simu naye akiwa ameketi sebuleni kwako, amekuja kwa daladala mbili, ana kero zake ambazo hajapata wa kumwambia. Ikiwa ndivyo, kundi linaweza kusubiri hadi aondoke.

Swali. Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu Nakuru. Nina rafiki wa mtandaoni, mwalimu mwenzangu aliye Kisumu. Ni mtu mwema, ila kila nikimweleza kero yangu, yake huwa kubwa zaidi. Nikisema matatu ilikaa stejini hadi ijae, yeye alitembea kwa miguu. Nikisema mvua imeingia jikoni, kwao paa limeng'oka. Rafiki mwingine hufanya kinyume: hunipa ushauri mrefu kuhusu mabati na misumari. Nimeanza kunyamaza. Nifanyeje?

Jibu. Mwalimu, rafiki zako hawafanani lakini wote wawili wamekunyang'anya kitu kimoja. Wa kwanza ameifunika kero yako kwa ya kwake, na wa pili ameigeuza kuwa kazi. Mtu anayesema kwamba matatu imekawia anajua fika kwamba angeweza kutoka nyumbani mapema, na hakuandika ili aambiwe hivyo. Anataka mtu wa kumsikiliza hadi mwisho wa safari. Jibu zuri kwa kero ya namna hiyo ni pole moja na swali moja. Ulifika kabla ya kengele? Darasa lilikuwa linafanya nini ulipoingia? Hapo msimulizi hupata nafasi ya kufika kwenye sehemu anayoitaka, ambayo mara nyingi ni ya kuchekesha.

Hata hivyo, simlaumu sana huyu wa Kisumu. Katika mila zetu nyingi, kumweleza aliyefikwa na jambo kwamba nawe liliwahi kukufika ni namna ya kumfariji. Msibani watu huketi karibu na mfiwa wakasimulia misiba yao, na hakuna anayehisi kwamba kuna mashindano. Lakini msibani masimulizi hayo huja baada ya watu kukaa kimya pamoja kwa muda, labda baada ya kunywa chai, ilhali simuni huja kabla hujamaliza hata kuandika sentensi ya pili. Tendo ni lile lile. Kasi ndiyo inayoliharibu. Mweleze hivyo siku ambayo hamna kero, mnapotaniana, wala usimweleze kwa hasira ya mvua jikoni.

Kwa fundi wako wa mabati njia ni rahisi zaidi. Anza ujumbe kwa kusema kwamba leo unataka kulalamika tu na hutafuti suluhisho. Watu wa tabia yake hufarijika wanapoambiwa hivyo, kwa kuwa wengi wao hushauri kwa kudhani kwamba wasiposhauri wataonekana hawajali. Ila usimfukuze kabisa. Paa lako linavuja kweli.

Swali. Ninaishi Minneapolis, Marekani, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika makao yao. Marafiki zangu wengi wa mtandaoni wako Dar es Salaam na Mwanza. Nikiandika kinachonifurahisha, kama theluji ya kwanza au viatu nilivyovipata kwa nusu bei, wananyamaza, au mmoja ananiandikia pembeni akiomba fedha. Nikiandika kinachoniudhi, kama kukwangua barafu kwenye kioo cha gari alfajiri, naambiwa nimesahau nilikotoka. Inaelekea sina haki ya kufurahi wala ya kulalamika.

Jibu. Ndugu yangu, tuanze na ukimya, kwa sababu sehemu yake haina ubaya wowote. Minneapolis iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 9 wakati wa baridi na saa 8 wakati wa kiangazi, kwa kuwa huko saa husogezwa na huku hazisogezwi. Ukiandika saa mbili usiku mwezi Januari, kwa wenzako ni saa kumi na moja alfajiri. Ujumbe wako unamkuta mtu anayepuliza jiko la mkaa au anayekimbilia daladala, na hadi atakapopata nafasi ya kuketi, wewe umelala na mazungumzo yamepoa. Tena kuna bando. Video ya theluji ya dakika mbili, kwa mtu anayenunua intaneti ya siku moja moja, huenda haikufunguliwa kabisa. Tuma picha moja na maneno.

Nusu ya pili ya lalamiko lako ni nzito zaidi. Furaha iliyofungwa bei hugeuka kuwa taarifa ya kipato chako, upende usipende. Wewe uliviona viatu vile kuwa habari ya bahati. Aliyeko Mwanza aliisoma kama habari ya fedha, na mtu anapoona habari ya fedha huku ada ya shule haijalipwa, kichwa chake hupiga hesabu kabla moyo haujafurahi. Sisemi ufiche maisha yako. Nasema kwamba theluji ile ile inaweza kuelezwa kwa namna ambayo mwenzako ataingia ndani yake: jinsi mji unavyopungua sauti inapoanguka, au jinsi wazee unaowahudumia wanavyokuita dirishani ili wamwone mtu aliyekulia penye joto akishangaa. Habari hiyo haina bei, na aliyeko Mwanza ataipokea kama yake.

Kuhusu barafu, anayekuambia kwamba umesahau ulikotoka hajawahi kukwangua kioo kwa kadi ya benki kwa sababu kikwanguo kimebaki ndani ya gari ambalo mlango wake umeganda. Msimulie hivyo hivyo. Mtu wa Dar es Salaam anaijua vizuri kero ya kuamka gizani ili uwahi kazi, na kutoka hapo hadi barafu ni hatua ndogo, mradi umwonyeshe njia. Anayekuomba fedha umjibu kwa faragha, ndiyo au hapana, kwa adabu na bila hotuba, na usiruhusu jibu hilo liamue kama utaandika tena juu ya theluji. Kisha tafuta wawili watatu walio katika saa zako. Jimbo la Minnesota lina Wakenya wengi, na wapo pia Wasomali waliokulia Kenya wanaozungumza Kiswahili vizuri tu. Kero ya barafu inayojibiwa dakika ile ile na mtu ambaye naye mikono yake imekufa ganzi ina ladha yake.

Swali. Shikamoo Mhariri. Niko Tanga. Rafiki niliyempata mtandaoni miaka kadhaa iliyopita huweka stetasi za mafumbo kila baada ya mimi kulalamika kundini. Juzi nililalamika kuhusu majirani wanaopiga muziki hadi usiku wa manane. Asubuhi yake stetasi ikasema kuwa kuna watu kazi yao ni kunung'unika, neema hawazioni. Nimuulize, au nami niweke yangu?

Jibu. Marahaba. Usiweke yako. Bibi zetu waliufanya mchezo huu kwa kanga: mwanamke aliyevaa kanga yenye jina la kijembe na kupita mbele ya mlango wa mwenzake hakuwa ametamka neno, na akiulizwa angesema aliipenda rangi. Stetasi imerithi ujanja huo, ila ina tofauti mbili zinazokuhusu. Inatoweka baada ya saa 24, na aliyeiweka huona orodha ya walioifungua, isipokuwa wale waliozima tiki za buluu. Kila unapoifungua kuhakikisha kama unasemwa, unampelekea habari kwamba umefika kuangalia. Acha kufungua kwa juma moja.

Kisha mpigie simu umuulize jambo moja la wazi, bila kuitaja stetasi: je, malalamiko yangu yanakuchosha? Jiandae kwa majibu mawili. La kwanza ni kwamba maneno yale yalimhusu mtu mwingine kabisa, pengine wifi yake, na hilo hutokea mara nyingi kuliko tunavyodhani. La pili ni kwamba ndiyo, unamchosha, na hapo itakubidi ujitazame. Kero ya muziki ikisimuliwa mara moja ni burudani kwa wasikilizaji. Ikirudi kila wiki, kundi haliwezi kuisaidia, kwani muziki uko Tanga na wao wako kwingine. Kero hiyo ina ofisi yake, nayo ni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, baada ya wewe mwenyewe kwenda kwa majirani mchana, wakati muziki umezimwa, ukazungumza nao kwa upole.

Swali. Katika kundi la marafiki kumi wa mtandaoni nilimlalamikia msimamizi wangu wa kazi, nikasema anatupangia zamu kwa upendeleo. Mmoja wao alipiga picha ya skrini, na picha hiyo imemfikia msimamizi. Ujumbe nimeshaufuta. Niko Dodoma na sijalala.

Jibu. Pole sana. Kuufuta hakukusaidii kwa sasa. WhatsApp humruhusu mtu kufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku mbili na kidogo, lakini huacha alama kwamba kuna kitu kimefutwa, na picha iliyokwisha kupigwa haiguswi. Mbele ya msimamizi wako, alama ile inaweza hata kuonekana kama ushahidi wa hatia.

Soma tena ulichokiandika, kutoka kwenye picha hiyo hiyo ukiweza kuipata, na utenganishe mambo mawili. Ikiwa ulisema juu ya zamu, na ratiba zinaonyesha hivyo, basi una hoja halali uliyoipeleka mahali pasipostahili. Nenda kwake kabla hajakuita, mwombe radhi kwa mahali ulipoisemea, kisha umwekee ratiba mezani. Ikiwa ulimtukana au ulimzulia jambo, radhi iwe kamili na ratiba isubiri siku nyingine, na ukumbuke kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inagusa pia taarifa za uongo zinazosambazwa kwa njia ya kompyuta. Kama kazini kwenu kuna chama cha wafanyakazi, zungumza na mwakilishi wake leo.

Kuhusu aliyepiga picha, usianzishe msako kundini. Watu kumi hawatunzi siri, hata wakiwa wema wote, kwa sababu kila mmoja ana mtu wake wa kumwonyesha. Foleni benki, mvua, mchele wenye mawe: hayo yapeleke kundini bila wasiwasi. Kero yenye jina la mtu anayeweza kukuumiza, au ambaye wewe unaweza kumuumiza, impate mmoja unayemwamini, na kwa sauti ya simu.

Swali. Je, ni lazima kusikiliza ujumbe wa sauti wa dakika nane ambao rafiki yangu hunitumia kila siku akinieleza yaliyomkera? Nampenda, lakini dakika nane! Bujumbura.

Jibu. Si lazima usikilize mara tu unapofika, wala kwa mwendo wake wa kawaida. Tangu mwaka 2021 WhatsApp ina kitufe cha kuharakisha sauti mara moja na nusu au mara mbili, ingawa katika mara mbili mtu mwenye huzuni husikika kama mtangazaji wa mpira, kwa hiyo kitumie kwa kero za bei za sokoni na uache mwendo wa kawaida kwa yanayomuumiza. Jibu sehemu moja tu uliyoisikia vizuri, uitaje waziwazi, ili ajue kwamba ulisikiliza. Na kama kila siku ana dakika nane, mpigie simu Jumapili mzungumze saa nzima. Huenda Jumatatu zikabaki tatu.